Kwa nini rais wa Kenya haapishwi usiku

Kuna sheria moja Kenya ambayo ukiisoma mara ya kwanza utacheka. Ni sheria ya mwaka 2012 inayoeleza vile rais mpya anavyoingia ofisini. Ndani yake imeandikwa kwamba rais mteule ataapishwa hadharani, jijini, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Haisemi "asubuhi" tu wala "wakati unaofaa". Saa 4 mpaka saa 8, kama ratiba ya kliniki ya watoto.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka 19, nimekaa maktaba ya chuo na simu iliyopasuka kioo, na nikajua papo hapo hiyo sheria iliandikwa na nani. Simaanishi jina la mtu. Namaanisha iliandikwa na watu ambao, kama mimi, waliwahi kuona rais akiapishwa jua likizama, halafu wakaona kilichofuata.

Kila wiki kuna mtu ananiuliza ilikuwaje nikaanza hizi video za katiba badala ya kufanya vichekesho kama wasee wengine wa rika langu. Huwa nacheza na hilo swali. Leo wacha nilijibu vizuri. Na kama una miaka 17 au 18, hii ni yako hasa, kwa sababu ulizaliwa wakati huo moto ukiwaka au bado ukifuka, na nina hakika shuleni walikupitisha hapo mbio mbio.

Mwaka 2007 tuliishi Nakuru, Kaptembwo, kwenye ploti ya vyumba kumi vya kupanga, vyoo viwili na mfereji mmoja. Nilikuwa na miaka saba. Ploti nzima ilikuwa na TV mbili na moja ilikuwa yetu, Great Wall ndogo ambayo ilibidi uigonge ubavuni ndiyo picha itulie. Kwa hivyo wakati wa habari chumba chetu kilijaa. Majirani walikuja na viti vyao, wengine wakakaa kitandani, sisi watoto tukakaa sakafuni mbele kabisa. Watu walipiga kura Alhamisi, tarehe 27 Desemba. Ijumaa tukaangalia, Jumamosi tukaangalia. Jumamosi hiyo wanasiasa walikuwa wakigombana ukumbini KICC mbele ya kamera, na kwa mtoto ilikuwa ni sinema. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kwamba watu wazima waliovaa suti wanafokeana kama makanga wa stendi moja.

Jumapili jioni, tarehe 30, mambo yakabadilika haraka. Askari wakaingia ukumbini wakawatoa watu. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, marehemu Samuel Kivuitu, akatangaza matokeo kwenye chumba kingine akiwa na kamera za KBC peke yake. Mwai Kibaki kura 4,584,721, Raila Odinga 4,352,993. Tofauti ni kura 231,728. Hata saa moja haikuisha vizuri, tukaona Ikulu. Kibaki ameshika Biblia, nyasi zimeanza kuwa nyeusi, hakuna umati, hakuna marais wa nje, ni watu wachache wamevaa suti na taa.

Nikamuuliza babangu swali la kitoto kabisa: "Baba, mbona anaapa na ni usiku?"

Hakunijibu. Na kilichonishtua zaidi si yeye kunyamaza. Ni kwamba chumba chote kilinyamaza, halafu majirani wakaanza kubeba viti vyao mmoja mmoja bila kuagana. Watu ambao kila siku walikuwa wanamaliza nusu saa mlangoni wakisema kwaheri. Mama wa mlango wa tatu alichukua kiti chake na mtoto wake, rafiki yangu, na hakunitazama. Babangu akafunga mlango, akasukuma meza nyuma yake.

Usiku huo huo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Agizo lilitoka wizara ya usalama wa ndani, ambayo waziri wake alikuwa John Michuki. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa umma. Sisi tulichojua ni kwamba TV ilikuwa inaonyesha kila kitu, kisha ghafla haionyeshi kitu. Na sasa wewe fikiria: nje kuna kelele, kuna harufu ya mpira unaoungua, na TV imeweka kwaya.

Habari zikaanza kuingia kwa njia nyingine. Babangu alikuwa na simu ya mulika mwizi na meseji zilikuwa zinalia usiku kucha. Kredo ya shilingi 100 ilikuwa inauzwa 150 kama ungeipata, kwa sababu maduka yalikuwa yamefungwa. Mtu anakuambia kundi fulani limeonekana daraja fulani. Mwingine anakuambia maji ya mtaa yametiwa sumu. Sijui meseji ngapi kati ya hizo zilikuwa za kweli. Najua kwamba zote ziliaminiwa.

Kesho yake mamangu akatukalisha kitandani, mimi na dadangu, akatupa sheria moja: "Nje ni Kiswahili tu. Mtu akikuuliza jina, sema la kanisani. La nyumbani usiseme." Kabla ya hiyo siku nilidhani watu wote huwa na lugha ya nyumbani na lugha ya nje, kama viatu. Sikujua lugha ya nyumbani inaweza kukuua. Wale mnaosifu Kiswahili changu kwa komenti, kilinolewa hapo.

Nakuru mjini hatukuchomeka siku ya kwanza. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao kina mama na watoto. Baada ya hapo malori yakaanza kuingia mjini kwetu yakitoka Eldoret, Burnt Forest na Molo, yamebeba watu, magodoro na kuku. Walipelekwa Showground na uwanja wa Afraha. Kwa wiki tatu hivi Nakuru ilikuwa mahali pa kukimbilia. Halafu mwisho wa Januari, moto ukafika kwetu. Ilikuwa zamu ya kulipiza kisasi. Tarehe 27 Januari huko Naivasha, kwa hiyo hiyo barabara kuu, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja, watoto wakiwemo. Hao wa Kiambaa na hao wa Naivasha walikuwa wa makabila tofauti. Namna walivyouawa ilikuwa moja.

Mama wa mlango wa tatu alihama usiku. Asubuhi mlango ulikuwa wazi, jiko bado liko pale, na mpira wetu wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ulikuwa umewekwa vizuri mlangoni mwetu. Huyo rafiki yangu sijawahi kumwona tena. Nimemtafuta mtandaoni kwa jina la kanisani, kwa sababu lile la nyumbani sikulijua.

Sasa tuje kwa historia, maana kumbukumbu peke yake haitoshi. Kumbukumbu ya mtoto inakuonyesha moto. Nani aliacha mlango wa stoo ya mafuta wazi, hapo lazima usome.

Shuleni na kwenye sherehe za familia nilikuwa nikipewa jibu moja: ni ukabila. Mimi sina shida na mtu anayesema 2007 ilikuwa na ukabila. Mapanga yaliuliza majina, hilo nimeliona. Shida yangu ni mtu akiishia hapo. Watu wa ile ploti waliishi pamoja miaka na miaka na makabila yao yote. Walipika sufuria moja ya Krismasi siku mbili kabla ya kura. Kilichobadilika si damu yao. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na ugomvi mkubwa sana na hakukuwa na mahali pa kuupeleka.

Mnakumbuka upinzani uliambiwa uende mahakamani ukakataa? Watu wengi hukosoa hapo. Mimi pia ningesema hivyo kama singejua kesi mbili za nyuma.

Ya kwanza ni ya Kenneth Matiba. Alikuwa wa pili kwenye uchaguzi wa 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu enzi ya chama kimoja. Akaenda kortini kupinga ushindi wa Daniel arap Moi. Lakini Matiba alikuwa amepata kiharusi akiwa kizuizini, kizuizi cha serikali hiyo hiyo ya Moi, na hakuweza kuandika sawasawa. Bibi yake akatia sahihi kwa niaba yake, akiwa na idhini ya kisheria. Korti ikaitupa kesi. Sababu: hakutia sahihi yeye mwenyewe.

Ya pili inafurahisha, kama uchungu unaweza kufurahisha. Uchaguzi wa 1997, aliyekuwa wa pili alikuwa Mwai Kibaki. Ndio, huyo huyo. Naye akaenda kortini dhidi ya Moi. Kesi ikatupwa kwa sababu Moi hakukabidhiwa karatasi za kesi mkononi. Hebu jaribu kufikiria, mwaka 1998, unampelekea Moi karatasi mkononi na wale walinzi wote wamemzunguka. Kwa hivyo Kibaki alijua vizuri kuliko Mkenya yeyote kwamba huo mlango wa korti umechorwa ukutani. Miaka kumi baadaye watu wake ndio waliokuwa wakiwaambia wenzao wapite hapo hapo.

Na tume yenyewe? Mwaka 1997 vyama vilikubaliana kwamba upinzani utakuwa unapendekeza baadhi ya makamishna. Hayakuwa maneno ya sheria, yalikuwa makubaliano ya waungwana. Kufika uchaguzi wa 2007, Kibaki alikuwa ameteua makamishna wapya bila kuuliza mtu. Yaani refa amechaguliwa na timu moja, na uwanja wa rufaa umefungwa kwa kufuli. Kisha filimbi ya mwisho inapulizwa gizani.

Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini aliletwa kuchunguza huo uchaguzi. Ripoti yake ya Septemba 2008 ilisema uchaguzi uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Soma hiyo sentensi tena. Haikusema Raila alishinda, haikusema Kibaki alishinda. Ilisema hakuna njia ya kujua. Kivuitu mwenyewe alikuwa tayari amewaambia wanahabari, siku chache tu baada ya kutangaza, kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Kura zilihesabiwa vituoni, sawa, lakini safari ya kutoka kituoni mpaka Nairobi ilikuwa ya simu na karatasi, na njiani namba zilibadilika.

Tume nyingine, ya Jaji Philip Waki, ilichunguza mauaji. Ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Kati yao, 405 walikufa kwa risasi. Hii ndiyo sehemu ambayo hadithi ya "makabila yalipigana" hairuhusu uione. Majirani waliopigana kwa mapanga na mishale hawakuwa na bunduki za kutosha kuua mamia ya watu. Bunduki zilikuwa za polisi. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watatu waliokufa, aliuawa na risasi. Nilipoipata hiyo namba nikiwa maktaba nilifunga ripoti nikatoka nje kutembea.

Kofi Annan akaja, wakajifungia Serena wiki nyingi, na tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila wakatia sahihi mbele ya jengo la Harambee. Tukapata serikali ya nusu mkate. Watu huicheka, lakini mimi naiheshimu kidogo, kwa sababu wakati huo chaguo la pili halikuwa mkate mzima.

Sasa rudi kwa ile sheria ya saa 4 asubuhi, maana hapa ndipo nilinaswa. Ukishajua kilichotokea Desemba 2007, Katiba ya 2010 haisomeki tena kama kitabu cha mawakili. Inasomeka kama orodha ya vidonda. Kifungu cha 140 kinasema ukitaka kupinga uchaguzi wa rais, una siku 7, na Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua. Hicho ni kidonda cha Matiba na Kibaki. Kifungu cha 141 kinasema rais ataapishwa hadharani, na kama hakuna kesi, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku 14 kupita. Yaani hata ukishinda, unangoja. Huwezi kutangazwa saa kumi na mbili jioni ukaapa kabla ya chajio. Kifungu cha 34 kinaikataza serikali kuingilia utangazaji. Kidonda cha TV yetu ya Great Wall. Halafu 2011 ikaundwa IPOA kuangalia polisi. Hao ni wale 405.

Mimi nilikuwa sijawahi kupenda siasa. Siasa kwangu ilikuwa magari yenye vipaza sauti na watu wanaogawa fulana. Lakini hii haikuwa siasa ya fulana. Hii ilikuwa ni mtu mzima ambaye hatimaye anajibu lile swali nililouliza nikiwa sakafuni. Alijibu kwa lugha kavu ya serikali, miaka mingi baadaye, lakini alijibu.

Na majibu mengine yalifanya kazi, tusiwe wale watu wa kusema Kenya hakuna kitu. Tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walifuta uchaguzi wa rais aliye madarakani. Haikuwa imewahi kutokea Afrika. Nilikuwa kidato cha tatu, na mwalimu wetu wa hesabu aliacha somo katikati akaenda kusikiliza redio ya bawabu. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ilikuwa tayari imeamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ndiyo ya mwisho, Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Ndiyo maana 2022, kura yangu ya kwanza, tume iliweka fomu 34A za vituo 46,229 kwenye tovuti, kila mtu azione. Mimi na mwenzangu wa chumba tulikesha tukizifungua moja moja na kujumlisha kwa simu. Vyombo vya habari navyo vilikuwa vinajumlisha kivyao. Wapo walioona hilo ni balaa, kwamba namba nyingi zinachanganya watu. Mimi niliona tofauti. Nilikuwa na miaka 22 na kwa mara ya kwanza maishani mwangu karatasi ya kituo cha Kaptembwo ilikuwa kwa skrini yangu, na sahihi za maajenti chini yake.

Lakini kuna vidonda vilivyoandikwa na kuna vidonda vilivyofunikwa tu.

Ardhi, kwa mfano. Kabla ya 2007 Bonde la Ufa lilikuwa limewaka 1992 na tena karibu na uchaguzi wa 1997. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza, ikaandika, ripoti ikakaa kabatini mpaka 2002. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaandika ripoti nyingine kubwa, ikaikabidhi Mei 2013, nayo ikafika Bunge ikalala. Kesi za The Hague mnazijua: ya Uhuru Kenyatta upande wa mashtaka uliiondoa Desemba 2014, ya William Ruto na Joshua Sang ilikatizwa Aprili 2016, huku majaji wakisema mashahidi waliingiliwa. Hakuna aliyepatikana na hatia ya yale mauaji ngazi ya juu. Machi 2015 Uhuru aliomba msamaha Bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Nenda uulize waliokuwa Showground.

Ushindi mmoja naukumbuka. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua serikali iwalipe manusura wanne wa ukatili wa kingono wa wakati ule shilingi milioni 4 kila mmoja. Wanne, baada ya karibu miaka minane kortini. Wenzao waliofungua kesi hiyo pamoja nao hawakupata kitu. Sijui kwa nini hii si habari inayojulikana na kila mtu. Tunajua kila tarehe ya ligi ya Uingereza.

Na kuna kile kidonda cha TV, ambacho kinaniudhi kuliko vyote kwa sababu kimefunguliwa tena huku tukiona. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila alipojiapisha Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa, na korti ilipoamuru ziwashwe, zikaendelea kuzimwa kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ikazimwa. Mahakama Kuu ikasimamisha hilo agizo siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama kwa kibanda cha chapo, Nairobi, TV ya ukutani ikaenda nyeusi katikati ya sentensi. Vijana wawili wakacheka wakachukua simu zao. Mimi mikono ilianza kutetemeka. Sikuwa naogopa polisi. Nilikuwa na miaka saba.

Kila wakati sababu ni ile ile: usalama, kuzuia uchochezi. Na sikatai uchochezi ulikuwepo 2007, redio zingine za lugha za mama zilimwaga petroli. Ila mimi nilikuwa ndani ya chumba wakati habari zilizimwa, na nawaambia watu hawakutulia. Waliamini meseji. Mwandishi wa habari unaweza kumshtaki akidanganya. Meseji ya saa nane usiku inayosema wanakuja, utamshtaki nani?

Wakati wa maandamano yaliyoanza Juni 2024, wengi wenu mliingia kwa siasa kama nilivyoingia mimi, kwa msiba. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 60 waliouawa. Nimeona video nyingi zikisema kizazi chetu ni cha kwanza kukosa kabila, cha kwanza kukataa kununuliwa. Napenda hiyo nguvu. Ila watu wa 2007 hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepiga kura kwa foleni ndefu kuliko zetu, wengi wao vijana, wakiamini kwamba kura itahesabiwa. Majirani wa babangu hawakuamka Alhamisi hiyo na mapanga. Waliamka na vitambulisho.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Tume ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025, miaka miwili na nusu, na huo ni muda mrefu wa refa kutokuwepo uwanjani. Sasa wapo. Kwa hivyo huu ndio wakati wa kuuliza maswali ya kuchosha: seva, mikataba ya vifaa, sajili ya wapiga kura. Kriegler alikadiria sajili ya 2007 ilikuwa na majina ya marehemu yapata milioni 1.2. Nani amekagua hii ya sasa? Na siku yenyewe ikifika, usiondoke kituoni baada ya kura kuhesabiwa. Nakala ya fomu 34A hubandikwa mlangoni. Ipige picha yenye namba zote na sahihi zote, simu ikiwa imetulia, halafu baadaye linganisha na ile iliyo kwa tovuti.

Posti ijayo nitaandika kuhusu ile bahasha ya Jaji Waki yenye majina, vile ilitoka Nairobi ikapitia kwa Kofi Annan mpaka The Hague, na Bunge lilifanya nini katikati. Nimeisubiri sana hiyo. Na kama mlikuwa Kaptembwo, Kibera, Kisumu, Burnt Forest ama Mombasa hiyo Januari, au mzazi wako alikuwepo, niandikie. Hasa kama mlihama usiku kutoka ploti ya vyumba kumi yenye mfereji mmoja, na uliacha mpira mlangoni.